Je, Mwenye Kulalama Amekosa Subira?

Yapo maumivu ambayo binadamu huyastahimili kwa kuwa anajua yatokako na anajua kwamba yana mwisho, kama uchungu wa uzazi au wa jipu linalokaribia kupasuka. Na yapo mengine ambayo huendelea baada ya tabibu kwisha kazi yake na kunawa mikono, na hayo ndiyo yaliyonishughulisha hapa. Namkusudia mtu aliyetibiwa mzizi wa gego: akapigwa ganzi, jino likatobolewa, kiini chake chenye mishipa ya damu na ya fahamu kikatolewa, vijia vya mizizi vikasafishwa na kujazwa, kisha jino likazibwa, naye akaambiwa kwamba mshipa umeuawa. Siku chache za kuuma baada ya hapo ni jambo la kawaida, kwa kuwa nyama iliyo kwenye ncha ya mzizi imesumbuliwa. Lakini miezi ikapita na jino bado lauma, si kwa ukali ule wa kwanza, bali kwa kero nzito isiyo na saa, inayomlazimisha kutafunia upande mmoja, na usiku, watu wote wamelala, kulisukuma gego kwa ncha ya ulimi ili kupima kama maumivu bado yapo.

Mtu huyu huteswa na jino, kisha huteswa na watu. Mmoja humwuliza kinachouma ni nini ilhali mshipa umekwisha kufa. Mwingine, mcha Mungu mwenye nia njema, humnasihi anyamaze na kushukuru, kwani kulalama ni kutoridhika na kadari ya Mola. Neno hili la pili ndilo zito zaidi, maana humfunga mgonjwa ulimi kwa jina la dini; nami naona kwamba ni kosa, tena kosa lenye madhara.

Huyo wa kwanza hujibiwa na elimu ya mwili. Jino halikusimama peke yake, bali limeshikwa na mfupa wa taya kwa nyuzi nyembamba zenye mishipa yake ya fahamu, ambayo hubaki hai hata kiini kitolewapo. Gego la kwanza la juu aghalabu huwa na kijia cha nne, chembamba mno, ambacho ni rahisi kukikosa, na uchafu ukisalia humo hudumisha uvimbe. Huenda jino lina ufa, au kizibo kimezidi kimo, likawa lagongwa kila mtu afumbapo kinywa. Na yapo maumivu ambayo picha ya eksirei haiyaonei sababu yoyote, kwa kuwa jino limepona, lakini mishipa ya fahamu ya uso na ubongo unaopokea habari zake havijaacha kupiga mbiu. Wataalamu waliokusanya tafiti mbalimbali mwaka 2010 walikuta kwamba yapata watu 5 katika kila 100 waliotibiwa mizizi ya meno walikuwa bado na maumivu baada ya miezi 6 au zaidi. Mgonjwa wetu, basi, hakuzua jambo, wala hayuko peke yake.

Hata wahenga wa tiba hawakulikosa hili. Galeni, tabibu wa Kiyunani, alishikilia kwamba maumivu hutokana na kukatika kwa kiungo kilichokuwa kimeungana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akampinga, akasema kwamba kugeuka kwa mizaji ya kiungo kwatosha kuumiza, hata pasipokuwa na jeraha. Sisemi kwamba Ibn Sina alijua habari za mishipa kama zijulikanavyo leo. Nasema kwamba alimsadiki mgonjwa asiye na jeraha, na hiyo ni insafu ambayo wengi wetu tumeikosa.

Huyo wa pili tumjibu kwa dini yenyewe. Nabii Ayubu alimwita Mola wake na kumtajia dhiki iliyompata, na bado Kurani ikamsifu kuwa mja mwenye subira. Nabii Yaakubu aliahidi subira njema, kisha akalia hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, akimpelekea Mungu shitaka lake. Na katika Hadithi alizozipokea Bukhari imo habari ya Bi Aisha alipolalamika kichwa, naye Mtume, badala ya kumkemea, akamjibu kwamba na yeye pia kichwa kinamwuma. Ikiwa Manabii waliyataja maumivu yao bila kutoka katika adabu, ni nani aliyetupa sisi mamlaka ya kumnyamazisha mwenye jino? Kumshitaki Mungu ni jambo moja, kumshitakia Mungu ni jingine, na kumweleza tabibu ni jingine tena. Hili la mwisho ni katika kutii amri ya kujitibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata hivyo subira ina mahali pake, na mahali penyewe ni pagumu kuliko kunyamaza. Mtu aliyechoshwa na maumivu hutaka jino ling'olewe, na likiisha kung'olewa, ikiwa asili ya ugonjwa ni mishipa, maumivu hubaki penye pengo au huhamia jino la jirani, naye hutaka hilo nalo lifuate. Hapo ndipo subira huokoa meno mazima: kungoja mpaka sababu itafutwe, kukubali kupimwa tena, na kukubali dawa za mishipa, ambazo baadhi yake hutumika pia kutibu huzuni, bila kudhani kwamba tabibu amemwita mwendawazimu. Na ikiwa maumivu yatapungua bila kwisha, basi subira ni kula, kufanya kazi, kusali na kusema na watoto kwa upole pamoja nayo. Hiyo ni ibada, na thawabu yake naitarajia kwa Mungu kuwa kubwa.

Wewe uliyetibiwa na bado waumwa, rudi kwa tabibu wako. Mwambie maumivu yalianza lini, huzidi saa ngapi, na ni kutafuna au baridi iyachocheayo. Ukiona uvimbe, usaha au homa, usingoje kesho. Tabibu asipoona kitu, mwombe akupeleke kwa bingwa wa mizizi ya meno au wa maumivu ya uso. Na wewe unayeishi na mgonjwa wa namna hii, msadiki kabla ya kumnasihi, na mpikie chakula laini bila kungoja akuombe.