Nimefunga, Mwalimu

Mwishoni mwa Machi 2023, Ramadhani ikiwa na siku chache tu, mvulana wa darasa la tatu alinitazama usoni akasema, "Nimefunga, mwalimu." Shati lilikuwa limelowa kifuani, maana alikuwa ametoka kubugia maji bombani. Mama yake namfahamu, ni mwanakwaya wa kanisa la pale kijijini. Sikuwa na neno ila lile la kawaida: "Mungu akutakabalie." Akaitikia "Amina" kwa heshima zote, akaenda kukaa chini ya mwarobaini.

Ilikuwa saa ya makande, na daftari la michango nilikuwa nalo mimi. Shule ile iko wilaya ya Chamwino, Dodoma, nchi ya uwele na mtama, ambako mvua ikisuasua mwaka mmoja, Machi ya mwaka unaofuata ghala halina kitu. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulifuta ada, lakini chakula cha mchana cha shule za kutwa kilibaki mikononi mwa wazazi. Kwetu mkutano wa wazazi ulipitisha debe la mahindi, maharage kilo tano na fedha kidogo ya mpishi. Mzazi akitoa, naweka vema mbele ya jina la mtoto. Asipotoa, mtoto anasubiri mwarobainini mpaka wenzake waoshe sahani. Darasani kwangu waliokuwa hawana vema walikuwa saba.

Mimi nilikuwa nimefunga kweli. Tangu utotoni Kondoa nimefundishwa kwamba tunafunga ili, pamoja na mengine, tuijue njaa ya maskini. Nimefunga miaka zaidi ya arobaini na nadhani bado sijaijua. Njaa yangu ina saa yake. Nimeamka nikala daku, na jioni kuna uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi yananisubiri. Hata harufu ya makande ikinipiga puani nahesabu thawabu. Njaa ya yule mtoto haina adhana ya kuimaliza. Akifika nyumbani magharibi huenda akakuta mlenda bila ugali, au asikute kitu.

Halafu kuna suala la nia. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, nia ya funga ya Ramadhani huwekwa usiku, kabla ya alfajiri. Yule mtoto kweli alikuwa hajala tangu usiku, ila nia hakuiweka yeye. Nia aliyokuwa nayo mchana ule ilikuwa nyingine kabisa: asije akasikia mtu akisema mama yake hajatoa debe. Alitafuta jambo la heshima ambalo mtu anaweza kukosa chakula kwa ajili yake, akaliona kwa jirani zake Waislamu, akaliazima. Sijui kama ni uongo. Kama ni uongo, ni wenye adabu kuliko kweli nyingi nilizosikia katika vikao vyetu.

Mwenyekiti wa kamati ya shule hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Aliniambia, "Mwalimu, tukiwapakulia hawa, mwakani debe nitalidai kwa nani?" Alikuwa na hoja. Sufuria lile lilijazwa na wajane waliouza kuku ili watoe, na hao nao wana macho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeitafakari sana methali hiyo. Ninachokiona ni kwamba jembe linapewa mtu mzima. Mtoto wa miaka tisa hakukataa kulima, na debe si yeye aliyelinyima shule.

Siku ya pili nilichota mahindi yangu nyumbani, debe kamili, na maharage, nikayatia stoo asubuhi kabla mpishi hajafika. Kisha nikaweka vema mbele ya jina lake. Gunia likawa la kweli, daftari likawa la uongo, kwa sababu lilisema mama yake ametoa. Ikanikera. Nikamwendea shehe wetu, mzee wa miaka themanini, nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka. "Mwanangu, gunia limepungua?" Nikasema limeongezeka. "Basi umemwibia nani?"

Niliondoka nimefarijika, na faraja ile haikufika hata Isha. Kwa nini yule? Wenzake sita walikuwa palepale, chini ya mti uleule. Nilimchagua kwa sababu alinigusa. Alisema uongo mzuri, ukaniingia. Wale sita hawakusema kitu. Walikaa wakichora chini kwa vijiti. Huruma yangu ilikuwa imewafanyisha mtihani bila kuwaambia, na amefaulu mwenye maneno.

Katika sura ya Adh-Dhariyat, wacha Mungu wanasifiwa kwamba katika mali zao kuna haki ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Nilikuwa nimeipita aya hiyo mara nyingi bila kuona kwamba inataja watu wawili. Mwenye kuomba tunamjua, anatufikia mlangoni. Wa pili haombi. Na kinachotajwa hapo ni haki, neno lilelile tunalolitumia mahakamani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apewe chakula kilichopikwa, na amri ile haikungoja mwalimu aguswe. Nairobi, tangu 2023, mzazi analipa shilingi tano za kwao kwa mlo na kaunti inaongeza. Ni hatua kubwa, ingawa mimi, kwa tabia yangu ya kushika daftari, nauliza kwanza nani amekosa hiyo tano.

Madebe mengine sita sikuwa nayo. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule, na ni kweli, sikuwa nayo. Lakini mkutano wa wazazi wa Aprili nilihudhuria, nikasoma mapato na matumizi, nikakaa. Suala la mwarobaini sikuliibua.

Nimestaafu sasa. Nakala ya daftari lile ninayo kabatini. Jina la yule mvulana lina vema yangu, wino wake umekolea kuliko wa nyingine. Mengine sita hayana alama. Juzi niliyasoma moja moja, na sura ya hata mmoja haikunijia.