Mwalimu Amwoneapo Mwalimu Mwenziwe

Mtoto mwenye nguvu akimwonea mdogo wake shuleni, mwalimu humwita na kumkanya. Je, waalimu wakioneana wao kwa wao, nani atakanya? Neno hili lafaa tulifikiri pamoja, maana limo katika shule nyingi, wala halitajwi sana.

Kwanza tutenge jambo na jambo. Mwalimu mkuu amwonyeshaye kijana kosa la andalio lake la somo, kwa faragha na kwa kweli, hamwonei, amsaidia. Tena watu wawili wakibishana leo na kesho wakapatana, huo si uonevu. Uonevu ni kumchagua mtu mmoja na kumrudia. Ratiba ikipangwa, yeye hupewa vipindi vizito kila siku. Mkutano ukiwapo, haambiwi. Akisema neno, wenziwe hutazamana na kucheka. Lafudhi ya kwao huigizwa mbele ya wanafunzi. Kila tendo likipimwa peke yake ni dogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Heinz Leymann, mtaalamu wa saikolojia aliyechunguza mambo haya huko Sweden katika miaka ya 1980, aliyahesabu kuwa uonevu wa kazini pale yalipomrudia mtu walau mara moja kwa juma, kwa muda wa miezi 6 au zaidi.

Mwaka 1993 Sweden ilitoa kanuni ya kukataza jambo hili kazini, na mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Ni vema. Lakini sheria haiketi katika chumba cha waalimu wakati wa chai. Tuketio humo ni sisi. Mwenye kuonea huwa mmoja au wawili. Wachekao ni wengi, na wanyamazao ni wengi zaidi. Hao husema, "Mimi simo." Je, ni kweli? Dhihaka isiyo na wa kuicheka hufa siku ile ile. Twajua kwamba anyamazaye aogopa kuwa wa pili, na hofu hiyo hatuidharau. Lakini yaeleza ukimya wake tu, haiuhalalishi. Maana aonewaye naye aogopa, wala hana pa kukimbilia.

Tena watoto wanatazama. Somo la heshima lililofundishwa ubaoni asubuhi huweza kufutwa barazani kabla ya adhuhuri, nao hukumbuka zaidi lile waliloliona.

Basi yatupasa nini? Hatudai ushujaa mkubwa. Asiyeweza kumkemea mwenye nguvu aweza kuacha kucheka. Aweza kuketi karibu na yule aliyeachwa peke yake, na kumpa habari ya mkutano. Na siku wakubwa watakapouliza, aseme aliyoyaona, pasipo kuongeza wala kupunguza. Hayo machache yako ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu, waalimu na wakatekista pia.