Kiwambo, Karatasi na Uaminifu wa Matini

Swali la ipi ndiyo matini halisi si geni katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu aghalabu iliweka vipande vinne vya ubeti katika mstari mmoja. Wahariri waliotumia hati za Kilatini wakavipanga kimoja chini ya kingine. Maneno yalibaki yale yale, ila ubeti ulivaa sura nyingine. Tarakilishi imelirejesha swali hili kwa kutenga kinachoonekana kwenye kiwambo na kinachotoka kwenye kichapishi.

Mwaka 1984, Macintosh ya kampuni ya Apple ilionyesha nukta 72 kwa kila inchi ya kiwambo. Mwaka uliofuata, kampuni hiyo hiyo ilitoa kichapishi cha LaserWriter chenye nukta 300. Mtumiaji aliahidiwa kwamba akionacho ndicho atakachopata. Hata hivyo, upana wa herufi ya nukta 72 ni wa kukadiria tu, na makadirio hayo yakijumlishwa hadi mwisho wa mstari, neno zima huweza kusukumwa chini. Viwambo vya leo vina nukta nyingi zaidi, lakini tatizo limegeuka sura: mara nyingi mstari hukatwa kulingana na upana wa kioo cha kila msomaji.

Kwa nathari, hasara hiyo ni ndogo. Kwa shairi la mizani 16, si haba. Mshororo ukikatwa baada ya mizani 11, ukwapi na utao hupoteza mpaka wao, na mwanafunzi huweza kuhesabu mishororo minane pale ambapo mtunzi alitunga minne. Kosa hilo ni la nani? Mtunzi hakulitenda, mashine haina dhamira.

Yamkini patakuwa na wa kudai kwamba kiwambo kina fadhila yake: huruhusu masahihisho bila gharama. Ni kweli, na ndiyo sababu kisifanywe shahidi. Kinachobadilika bila kuacha alama hakiwezi kumtetea mtunzi asiyekuwapo. Karatasi nayo hukosea, lakini kosa lake hukaa pale pale, likaonyeshwa na kukanushwa. Mhariri anayeidhinisha beti kwa kuziona kiwamboni tu ameidhinisha ahadi. Wajibu wake kwa mtunzi hutimia anapoisoma nakala iliyochapwa, mshororo baada ya mshororo.