Nani Anamlipia Mgonjwa wa Juba?

Vijana wengi wa uuguzi na udaktari wa Kenya na Uganda husikia habari moja tu kuhusu Juba: mji umejaa wagonjwa, wataalamu ni haba, kwa hiyo ajira katika hospitali za binafsi zenye huduma za kibingwa zitazidi kuongezeka. Wagonjwa ni wengi kweli, na wataalamu ni haba kweli. Hilo la ajira ndilo linalowaponza watu. Hospitali ya binafsi haiajiri kwa hesabu ya wanaougua. Inaajiri kwa hesabu ya wanaoweza kulipa.

Tuseme kuna muuguzi wa chumba cha upasuaji kutoka Kitale. Mwanzoni mwa 2015 anapata kazi katika hospitali ya mifupa mjini Juba: dola 1,000 kwa mwezi, chumba na chakula juu ya mwajiri. Anapiga hesabu ya karo za wadogo zake na bati za nyumba ya mama, anatia sahihi siku hiyo hiyo. Kifungu kimoja kinampita: mshahara waweza kulipwa kwa pauni za Sudan Kusini, kwa bei ya benki kuu.

Bei ya benki kuu wakati huo ilikuwa pauni 2.95 kwa dola. Mtaani ilikuwa inapanda, na mwaka ulipokaribia kwisha dola moja ilikuwa imefika kama pauni 18. Basi kila mwisho wa mwezi anahesabiwa pauni 2,950, na kwenye karatasi hizo ni dola 1,000 kamili. Akizipeleka kwa wabadilishaji fedha wa mtaani ili atume nyumbani, kufikia mwisho wa mwaka anarudi na dola zisizofika 170. Anakwenda kwa mhasibu, kijana wa Juba aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kusomea Kenya.

"Sista, mkataba umefuatwa," kijana anamwambia. "Hata mimi nalipwa hivyo hivyo. Dola haziingii."

Hakudanganya. Desemba 2015 benki kuu iliiachia pauni itafute bei yake sokoni, ikaporomoka mara moja hadi kama 18.5 kwa dola. Sasa kifungu kile kile kingemwokoa muuguzi wetu, maana dola 1,000 zimekuwa pauni 18,500. Lakini hospitali inakusanya pauni, na mtu aliyevunjika mguu kwa ajali ya boda-boda hakuongezewa kipato na benki kuu. Anaitwa ofisini, anawekewa mkataba mpya wenye kiwango cha pauni kisichopanda. Asiyeutaka afungashe.

Anabaki, akitumaini mambo yatatengemaa. Julai 2016 vita vinalipuka tena mjini. Ndege za abiria zinasitisha safari, balozi na mashirika yanaondoa watu wao, na jeshi la Uganda linatuma msafara wa magari kupitia mpaka wa Nimule kuwachukua raia wake. Hao walioondoka ndio waliokuwa wakilipa kwa bima, kwa dola, na kwa wakati. Majeruhi waliobaki wanahitaji hospitali ya mifupa kuliko wakati wowote, na hawana cha kulipa. Muuguzi wetu anarudi Kitale akidai mishahara ambayo hataipata.

Nimemfanya mtu mmoja abebe yaliyowapata wengi, ili mpangilio wa mambo uonekane. Huduma ya kibingwa Juba inasimama juu ya walipaji wachache. Kuna serikali na wafanyakazi wake, ambao uhai wao ni mafuta: nchi ilipofunga visima Januari 2012 kwa mgogoro wa ada za bomba na Sudan, ilijikatia karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali. Kuna mashirika ya misaada na Umoja wa Mataifa. Kuna wafanyabiashara. Na kuna familia zinazochanga, zikiuza hata ng'ombe, kwa operesheni moja. Mwenye fedha nyingi zaidi mara nyingi haonekani kabisa wodini, kwa kuwa amekwisha panda ndege kwenda Nairobi, Kampala au Cairo.

Ya karibuni yanaonyesha jambo hilo hilo. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 viliziba njia ya matibabu ya Khartoum na kurudisha nyumbani mamia ya maelfu ya watu kupitia mji wa mpakani wa Renk. Wagonjwa waliongezeka sana. Kisha Februari 2024 bomba la mafuta ya Sudan Kusini likapasuka ndani ya Sudan, na watumishi wa serikali wakakaa miezi bila mshahara. Mwaka 2025 Marekani ikalivunja shirika lake la misaada, USAID, na mashirika mengi yakapunguza watu. Mahitaji yakapanda na uwezo wa kulipa ukashuka, yote katika muda mfupi.

Siwaambii watu wasiende. Juba inahitaji mikono hiyo, na inaniuma kuona muuguzi mwenye ujuzi akikaa bure Eldoret au Gulu wakati mama anakufa kwa kukosa upasuaji ng'ambo ya mpaka. Ila anayekwenda aulize, kabla ya sahihi, ni sehemu gani ya mapato inatoka kwa bima na sehemu gani ni fedha taslimu. Aulize bima hizo ni za mashirika mangapi, maana hospitali inayotegemea mashirika mawili inaweza kupoteza nusu ya wateja kwa barua moja. Aulize dizeli ya jenereta inanunuliwa kwa sarafu gani. Aulize kibali cha kazi kinalipwa na nani: mwaka 2017 serikali ilitangaza ada ya dola 10,000 kwa mtaalamu wa kigeni, kabla ya kurudi nyuma.

Na aangalie kama hospitali inawachukua wahitimu wa Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Juba, kilichofunguliwa 2010. Hao ndio wenye haki ya kwanza juu ya kazi hizi. Mwajiri anayewafundisha na kuwapandisha vyeo amepanga kuwapo hapo kwa miaka mingi. Aliyejaza wageni pekee kwa mikataba ya miezi sita, muulize anasubiri nini.