Mashine Kuukuu na Kazi Isiyo na Mshahara
Aristotle alitofautisha uundaji, yaani tendo ambalo lengo lake ni kitu kinachobaki baada ya tendo kwisha, na utendaji, ambao lengo lake ni tendo lenyewe. Lakini mstaafu wa Uingereza anayefufua mashine ya kukerezea chuma aina ya Myford ML7, ya miaka ya 1940, huutia mpaka huo mashakani, kwani huunda kitu, ilhali lengo lake ni tendo lenyewe. Hukwangua kitanda cha mashine hiyo, yaani reli zinazoongoza kisu, akikilinganisha na bamba bapa lililopakwa rangi ya buluu ambayo hufichua vinundu visivyoonekana kwa macho, na kazi hiyo ya subira kwa kawaida hailipwi sokoni. Je, anapoteza muda? La hasha: usawa wa chuma ni ukweli usiotegemea cheo wala mshahara, na kuutafuta ni kazi kamili.