Fasi ya masikini mu mji: ni huruma ao ni haki?

Wazee wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia mezali hii kwa kumchapa mgeni mvivu. Tuiangalie tena vizuri. Anayempa mgeni jembe analazimika kumuonyesha pia fasi ya kulima, kwani jembe bila udongo ni chuma tu. Swali letu ni hili: mji unaokubali kazi ya mtu, unaweza kumnyima fasi ya kulala? Tutalijibu tukiangalia mji wetu wa Bukavu.

1. Namna wazee walivyogawa udongo

Hapa Bushi, udongo ulipatikana zaidi kwa njia ya kalinzi. Mtu alitoa ng'ombe ao mbuzi kwa mwami, ao kwa shefu wake, kisha akapewa shamba ambalo watoto wake wangerithi. Haikuwa kununua kama mtu anavyonunua sukari. Mnyama yule aliwafunga watu wawili: aliyepokea udongo akawa mtu wa shefu, na shefu akawa na deni la kumlinda.

Pembeni ya kalinzi kulikuwa bwasa, ndio kuazimwa udongo kwa muda. Mtu wa bwasa aliweza kupanda maharagi ao mahindi, lakini migomba hapana. Juu ya nini? Sababu mgomba unakaa miaka mingi, na anayepanda mgomba anasema: niko hapa, na mtoto wangu atakuwa hapa.

Tusidanganyane: kalinzi haikuwa paradiso. Mwanamke alifikia udongo kupitia baba, bwana ao mtoto mwanaume. Asiye na mbuzi alibaki mu bwasa. Na kuna mashefu waliofukuza watu ili wapokee ng'ombe mwingine. Hatuandiki kwa kulilia zamani. Lakini mule ndani kulikuwa wazo moja la maana: anayegawa udongo anajua majina ya watu wanaokaa juu yake, na ana la kujibu juu yao.

2. Namna mji ulivyopangwa

Mji ulizaliwa na wazo lingine. Wakati wa ukoloni, ulipoitwa Costermansville, Ibanda pembeni ya ziwa ilikuwa ya wazungu; Waafrika wakaelekezwa Kadutu, na baadaye Bagira. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda Office des Cités Africaines (OCA), na ndiyo iliyojenga nyumba za Bagira. Wazee waliokaa mule wanazisifu hata leo: nyumba za kudumu, zilizopangwa kwa mstari, na barabara kati yake. Wana haki ya kuzisifu. Lakini tuseme yote: mpango ule ulihesabu mikono ya kazi, na ulitaka mikono ile ilale mbali na nyumba za wazungu.

Kisha uhuru wa 1960, mpaka wa rangi ulianguka. Bahati mbaya, hesabu nayo ilianguka. Sheria ya tarehe 20 julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Leta. Toka pale, mu mji, fasi inaombwa kwa karatasi, na karatasi inaomba pesa. Halafu vita ya 1996 na ile ya 1998 zikamwaga watu wa vijiji mujini. Mpango haukuwa na fasi yao. Wakapanda milima ya Panzi, Cimpunda na Nyakaliba. Wengine wakajenga Funu, ambako udongo wenyewe unateremuka polepole na nyumba zinapasuka kuta. Mvua ikinyesha usiku, wazazi wa kule hawalali.

3. Swali la mzee mmoja

Siku moja, kwenye barza, mmoja wetu alisema kwa hasira: « Wale watu wa mitelemko wanajitafutia kifo. Leta iwabomolee nyumba! » Mzee mmoja akamuuliza taratibu: « Mutoto wangu, bustani ya baba yako ulimuuzia nani? » Akajibu: « Mutu wa dola. » Mzee akaendelea: « Na ile nyumba ya nyuma, mupangaji alikulipa garanti ya miezi ngapi? » Akajibu: « Sita. » Mzee akasema: « Basi, yule aliyekosa ya miezi sita, ulifikiri alienda kulala wapi? »

Tulinyamaza wote, kwani wengi kati yetu tuna parseli, na wengi tunapangisha. Tumezoea kusema kosa ni la Leta, na kweli Leta ina kosa kubwa. Lakini sheria ya mwaka 2015 juu ya kupanga nyumba ilikataza garanti ya kupita miezi tatu kwa nyumba ya kukaa. Nani kati yetu aliifuata bila kulazimishwa?

4. Haki inadai nini?

Kuna wanaojibu: udongo wa Bukavu ni mdogo, ziwa liko huku, milima iko kule, hauwezi kutosha wote. Jibu lile lina ukweli. Lakini udongo ukiwa mdogo, ndipo kugawa kunahitaji akili zaidi. Kwenye familia, chakula kikiwa kidogo, mama hawaambii watoto: mwenye nguvu ale. Anahesabu vichwa kwanza, kisha anapakua.

Mpango wa mji ungefanya vile vile. Uhesabu watu mbele ya kukata viwanja. Kila fasi mpya ikikatwa, sehemu moja ibaki kwa viwanja vidogo vya bei ndogo, pasipo mbali na soko, sababu mama anayebeba mzigo kila asubuhi hawezi kukaa mwisho wa dunia. Kule ambako mlima unashikilia, watu wapewe ngazi, mifereji, maji na karatasi. Kule ambako mlima unateremuka, watu wahamishwe. Lakini waonyeshwe kwanza fasi ya kwenda, kisha nyumba ibomolewe. Kubomoa bila kuonyesha fasi ni kumsukuma mtu kutoka mtelemko moja kwenda mwingine.

Katiba ya 2006, kwenye artikle 48, inasema nyumba ya heshima ni haki. Huruma inategemea moyo wa anayetoa. Akiamka vibaya, hatoi. Haki haingojei moyo. Mwashi anayejenga nyumba zetu za ghorofa, mama anayetuletea samaki na mboga, mlinzi anayekesha kwenye mlango wetu, wote tumewapa jembe zamani. Na bado tunawaweka mu bwasa: walale, walipe, lakini wasipande mgomba.

Tukikutana tena kwenye barza, tusianze na makosa ya Leta. Kila mwenye parseli aseme kwanza: kwangu kunalala wangapi, na nilichukua garanti ya miezi ngapi? Tukishajibiana, ndipo tutakuwa na uso wa kwenda kuuliza kwa meya na kwa kadastre.