Mfalme Arthur Katika Nchi ya Pemulwuy

Tarehe 26 Januari 2015, Tony Abbott, Waziri Mkuu wa Australia na mbunge wa jimbo mojawapo la Sydney, alitangaza kwamba Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia wa Uingereza, ametunukiwa cheo cha naiti wa Australia. Wengi walicheka, hata ndani ya chama chake. Kabla ya mwaka kwisha Abbott alikuwa amepoteza uongozi, na mrithi wake, Malcolm Turnbull, akakifuta cheo chenyewe. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha siasa, lakini kina swali zito: kwa nini taifa la bandari na migodi, katika karne ya 21, litafute heshima katika kivuli cha mpanda farasi mwenye deraya?

Manaiti walikuwepo kweli, tena wengi wao walikuwa askari wakatili. Picha ya naiti mwema, aliyefungwa na kiapo, inatokana zaidi na hekaya za Mfalme Arthur kuliko na vita vyenyewe. Katika kitabu cha Thomas Malory, kilichochapwa mwaka 1485, mashujaa wa Meza ya Duara huapa kila mwaka kutofanya udhalimu, kumrehemu aombaye rehema na kuwalinda wanawake. Hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba Arthur aliwahi kuishi. Hilo halikumpunguzia raia. Karibu na Camden, pembezoni mwa Sydney, lipo jumba lenye minara lililosanifiwa na John Horbury Hunt na kujengwa mwaka 1888 kwa ajili ya James White, tajiri wa farasi wa mashindano. Waliolimiliki baadaye waliliita Camelot, jina la mji wa Arthur, kwa kuvutiwa na mashairi ya Tennyson.

Ni jina zuri, na aliyelitoa hastahili lawama. Lakini si mbali na jumba hilo ndiko Appin, ambako tarehe 17 Aprili 1816 askari waliotumwa na Gavana Lachlan Macquarie waliwashambulia Wadharawal gizani. Watu wasiopungua 14 waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Amri ya gavana iliagiza maiti za wanaume zitundikwe mitini, ziwatishe waliobaki. Kiapo cha Malory kilikuwa kimekwisha kuchapwa zaidi ya miaka 300.

Tena Sydney haikuwa na upungufu wa mashujaa wake. Pemulwuy, wa watu wa Bidjigal, aliwapinga walowezi kwa takribani miaka 12. Mwaka 1797 alipigwa risasi kadhaa huko Parramatta, akakamatwa, kisha akatoroka hospitalini akiwa bado na pingu mguuni. Ikasemwa kwamba risasi hazimuui. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia hili bila kumkumbuka Fumo Liyongo, aliyekereza pingu zake kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa shaba kitovuni. Tofauti ni kwamba Liyongo alipata malenga, naye Pemulwuy alipata gavana. Alipouawa mwaka 1802, kichwa chake kilitiwa katika pombe kali na kupelekwa Uingereza kwa mwanasayansi Joseph Banks. Gavana Philip Gidley King, ambaye utawala wake ulikuwa umeamuru asakwe, aliandika kwamba mtu huyo alikuwa msumbufu mno lakini jasiri na mwenye moyo huru. Ni sifa za naiti, zikatolewa kwa aliyekwisha kukatwa kichwa.

Ni rahisi kuhukumu hapa kwamba hekaya ya Arthur ni pazia tu la ukoloni. Hukumu hiyo ina haraka. Kiapo kile hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kuamua ni nani anayeingia chini yake. Meza ilikuwa ya duara, lakini viti vilihesabiwa. Wala watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana sababu ya kujivuna: katika kisa cha Liyongo, Wasanye wa msituni huletwa kama watu wa kukodiwa ili waue, na ni wachache waliowahi kuuliza Wasanye wenyewe wangekisimulia vipi. Hata hivyo hekaya inayobeba kiapo humwachia aliyedhulumiwa kitu ambacho amri ya gavana haimwachii: maneno ya mdhalimu mwenyewe, ya kumdai nayo.

Na deni hilo limeshadaiwa. Wenyeji wa asili wa Sydney waliomba kichwa cha Pemulwuy kirudishwe, na mwaka 2010 Mwanamfalme William, mjukuu wa Philip, aliahidi kwamba kitarudi. William ni naiti wa Garter, chama kilichoanzishwa na Mfalme Edward wa Tatu, yule aliyeapa mwaka 1344 kuifufua Meza ya Duara. Kichwa bado hakijapatikana.